Nijibu kabla ya Ijumaa: oveni ya piza, nichukue au niache?

Kaka yangu aliyeko Maskati ana swali lake moja kila akikaribia kufunga mizigo ya kuja Tanga: "Dada, nikubebee nini?" Miaka yote jibu langu ni lilelile, udi na tende. Safari hii hakusubiri niseme. Alinitumia picha ya oveni ya piza, ile ya kuweka juu ya meza, ya umeme, nyeusi, na chini yake kaandika: "Hii ndiyo yako. Laki nane na ushee. Nijibu kabla ya Ijumaa."

Siku nne hizo nimeichunguza oveni ile kama mtu anayeletewa posa.

Niseme kwanza kwamba wanaozisifu hawasemi uongo. Piza ya Napoli, ambayo ufundi wa waokaji wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa utamaduni, huokwa kwenye tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 430 na kupanda, na huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni iliyo chini ya jiko langu la gesi hapa Chumbageni mwisho wake nyuzi 250, tena kwa kubembelezwa. Kwa joto hilo piza inakaa ndani dakika kumi na zaidi, unyevu wote unakimbia, kingo zinabaki ngumu kama kaukau. Hizi oveni za mezani, zile nzuri, zinafika 400. Siri yake ni tumbo dogo: jiwe chini, waya wa moto juu, na kati yao nafasi ya kiganja tu. Joto halina pa kuzurura.

Wifi yangu wa Raskazone anayo moja tangu mwaka jana, basi Jumapili nikaenda kuiona inavyofanya kazi. Nilinunua kamba soko la samaki la Deep Sea, nyanya na hoho soko la Mgandini, nikaenda na unga niliokanda jana yake na kuulaza kwenye friji usiku kucha. Piza ya kwanza ilikuwa msiba. Nilipoitoa kwenye ubao kuisukuma ndani, unga ukang'ang'ania ubao, vitu vya juu ndivyo vikasonga mbele. Kamba watatu na mchuzi wa nyanya vikatua juu ya jiwe lenye nyuzi 400, na moshi uliotoka hapo ulimtoa paka chini ya kochi. "Wifi, unga mkavu chini, wala usisitesite!" aliniambia, huku akifungua madirisha. Ya pili ikaingia vizuri. Tulisimama tunaichungulia kupitia kioo: ukingo ukafura kama andazi, ukapata madoadoa meusi, jibini ikatokota, dakika mbili hazikutimia. Nilikula nimesimama. Nikaungua ulimi na sikujali.

Kwa hiyo kama swali ni "inafanya kazi?", jibu ni ndiyo, na kwa raha zake.

Watu wengi nikiwaambia habari hii wanakimbilia umeme. "Itakula LUKU yako yote!" Hebu tupige hesabu. Oveni kama hiyo inavuta wati 1,700 hivi. Ukiipasha nusu saa, kisha ukaoka piza sita, umetumia uniti moja na nusu kwa kukisia juu. Mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, kwa hiyo karamu nzima haifiki shilingi mia sita. Mkaa wa kuchomea samaki jioni moja unaipita hiyo. Wa kujihadhari ni mwenzangu aliyeko D1, kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, anayelipa shilingi 100 kwa uniti ilimradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Kama wewe kila mwezi unaishia uniti 70, piza za kila Jumamosi zinakuvusha mpaka hadi uhamishiwe T1, na hapo hasara haitakuwa ya piza, itakuwa ya friji, pasi na kila taa ya nyumba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni waya. Plagi yetu ya pini tatu imetengenezewa ampea 13, maana yake wati elfu tatu kasoro kidogo. Oveni inapita bila shida ikichomekwa ukutani. Ila jikoni kwangu soketi ni moja, na tunaishi kwa ekstensheni, zile za bei ya chee ambazo ndani waya ni mwembamba kama uzi. Mimi mwenyewe nimeshayeyusha moja kwa birika la umeme tu, na harufu yake ilikaa jikoni wiki nzima. Na kama ndugu yako yuko Marekani badala ya Uarabuni, mwambie asisumbuke: umeme wa kule ni volti 120, huku kwetu 230, na transfoma ya kuibeba oveni ya namna hiyo ni mzigo mwingine peke yake. Za gesi nazo zipo na moto wake ni mkali zaidi, lakini hizo ni za uani. Mimi ninakaa ghorofa ya pili.

Lakini si waya ulionirudisha nyuma. Ni lile tumbo dogo lenyewe. Kiganja kimoja! Humo haingii kuku, haliingii sinia la samaki, mkate wa kumimina ukifura unagusa waya. Niilipie laki nane ioke kitu kimoja, na hicho kitu kimoja nyumbani kwangu tunakila mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri. Zaidi ya hapo kinachokula pesa kwenye piza ni jibini, gramu mia kwa kila piza ya inchi 12. Piza sita, nusu kilo imekwenda na zaidi. Oveni haiipunguzi hata punje.

Jumanne nilikwenda kwa bibi, Ngamiani, nikamkuta uani anapika mkate wa kumimina. Makaa manne tu chini ya sufuria. Juu kaweka bati lililojaa makaa mekundu, kaupalia mpaka pembeni. Kila baada ya muda analeta kiganja karibu na makaa, anakiondoa, anapunguza moja kwa koleo, au anaongeza. Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamweleza moto wa juu, moto wa chini, nafasi ndogo. Akaitazama kwa muda. "Sasa huyo kaka yako," akasema, "anakuuzia bati la kupalia laki nane?"

Nilicheka, ila njiani kurudi nikawa nimeshaamua. Nyuzi 400 bibi hana, na piza ya kwenye makaa nilishaijaribu, ililowa juu ikaungua chini. Ninachokikosa kwenye oveni yangu ni kitu kizito cha kutunza joto. Jumatano nikampelekea fundi wa kuchomelea kipimo nilichokikata kwenye boksi: chuma cheusi cha milimita sita, sentimita 34 kila upande, kingo zisagwe. Cheusi, nikamsisitiza, kisiwe cha zinki, maana zinki ikipata moto inatoa moshi wa sumu. Kimetoka na kilo tano na ushee. Nikakisugua, nikakipaka mafuta, nikakiunguza mpaka kikawa na rangi ya kikaango cha zamani. Kinapashwa dakika 45, piza inaiva kwa dakika sita au saba. Madoadoa ya wifi hayapo yote. Ukingo lakini umefura, na chini panalia kau ukigonga kwa kucha. Siku nisiyotaka piza, mikate ya ufuta inakaa humohumo.

Ningekuwa nauza piza kwa oda, kama anavyofanya wifi siku hizi, ningeichukua bila kupepesa macho, na ningetafuta soketi ya pili kwanza.

Alhamisi usiku nikamwandikia kaka: oveni aiache, aniletee mizani ya jikoni inayopima gramu moja moja, maana hamira ya kukisia kwa kijiko imeshaniharibia unga mara mbili. Na udi.

Akanijibu kwa neno moja: "Makubwa!"