Kijiko kimekuja, ndoo imeondoka

Kantini ninayokula mchana imebandika karatasi ukutani: kuanzia mwezi huu kila mteja atapewa kijiko, kwa ajili ya usafi. Mezani tumegawanyika. Mmoja anasema walichelewa. Mwingine anauliza tangu lini ugali na mlenda vikaliwa kwa kijiko, watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kinachoniudhi, kwa sababu kinaufanya mkono uonekane hauna utetezi mwingine zaidi ya mila.

Wanaotaka kijiko wana lao la kusema. Kijiko utakichemsha, kidole huwezi. Chini ya kucha hukaa uchafu, hata mayai ya minyoo, na kumiminiwa maji kidogo ya jagi hakuung'oi. Kwa mama ntilie wengi maji huja bila sabuni, na sabuni ndiyo inayovunja mafuta yanayoshikilia vijidudu kwenye ngozi. Na lile beseni la pamoja, watu watano maji yale yale, wa tano anajipaka uchafu wa wanne waliomtangulia. Hapo sibishani na mtu.

Ila mimi nauliza jingine: kilichonifikia mdomoni kimeoshwa na nani, lini, kwa maji yapi? Mkono wangu nimeunawa mwenyewe, naona, muda mfupi kabla ya tonge la kwanza. Kijiko sijui habari zake. Au tuseme najua, maana siku moja nilipita uani. Kuna ndoo mbili, ya povu na ya kusuuzia. Saa nane mchana ile ya kusuuzia ilikuwa na rangi ya mchuzi. Vijiko vikitoka humo vinamwagwa kwenye kikapu, vingine kichwa juu vingine kichwa chini, na kila anayechukua chake anavichambua vya wenzake kwa vidole, palepale penye kuingia mdomoni.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa mikono ya akina mama 119 wa Dar es Salaam. Bakteria wa kinyesi waliongezeka mikononi baada ya kwenda chooni, ambalo halishangazi, lakini pia baada ya kufagia, kuosha vyombo na kuandaa chakula. Na kadiri muda ulivyopita tangu mkono ulipoguswa na sabuni, ndivyo walivyozidi kuwa wengi. Narudia kuosha vyombo. Huyo anayetuoshea vijiko, kazi yenyewe inamchafua mikono, kisha kwa mikono hiyohiyo anavipanga. Simlaumu, ndoo mbili ndizo alizopewa. Ila matokeo hayo yanaonyesha kwamba kunawa hakudumu. Kuna thamani pale kunapokuwa karibu na kula, na mlaji wa mkono ndiye ambaye desturi yake inamlazimisha anawe wakati huohuo. Hakuna mtu aliyelelewa vizuri ambaye ataletewa ugali aanze kumega kabla hajaomba maji.

Mlaji wa kijiko halazimishwi na chochote. Anashuka kwenye daladala, ameshika bomba walilolishika mamia tangu alfajiri, amepokea chenji ya noti zilizochakaa, anaketi, anachezea simu, anakula. Nani atamwambia akanawe? Ameshika kijiko. (Simu nayo ni kesi yetu sote. Wapo wanaonawa vizuri kwa sabuni, halafu wakajibu ujumbe kabla ya tonge la kwanza. Hao wamenawa bure, na mimi nimo.)

Kwa wali na maharage wenye kijiko wanaweza kushinda, kama kantini itaongeza maji ya moto na kubadilisha ya kusuuzia mara kwa mara. Ningekubali. Lakini karatasi ile haikusema lolote kuhusu maji ya moto. Kilichobadilika ni kwamba ndoo yenye koki iliyokuwa mlangoni tangu wakati wa korona, pamoja na chupa yake ya sabuni ya maji iliyotobolewa kifuniko, imeondolewa. Nilipouliza, dada wa kaunta akanijibu, "Kaka, si vijiko vipo?"

Siku hiyo kulikuwa na sato wa kukaanga. Nilitazama meza ya jirani: vijana wanne, vijiko vinne vimelala pembeni ya sahani, na wote wanachambua miiba kwa vidole.