Nalililia gongo la mrushaji

Ukipita barabara ya Main hapa Louisville, Kentucky, utaliona tu, hata kama hukuwa na habari nalo: gongo la chuma lenye urefu wa mita 36, limepakwa rangi ya mti na kuegemezwa kwenye jengo kama vile jitu fulani limeingia dukani na litarudi kulichukua. Nasema gongo la kupigia mpira wa besiboli. Lile la kunywa tuliliacha Kigoma, na watu wa Kentucky wana lao.

Jengo hilo ndimo yanamochongwa magongo ya Louisville Slugger. Waswahili wa mji huu, na tuko wengi, tunalipita tukiwahi kazini wala hatugeuzi shingo. Sisi ni watu wa mpira wa miguu. Hata timu ya besiboli ya hapa, Louisville Bats, nilidhani kwa muda mrefu imejiita kwa jina la popo tu, maana popo ndiye aliyechorwa kwenye kofia zao. Kumbe kwa Kiingereza popo na gongo ni neno moja.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenyeji tunayepanga naye mizigo zamu ya usiku. Wakati wa mapumziko hana hadithi nyingine ila besiboli. Ndiye aliyenieleza habari za Silver Slugger, tuzo ambayo kampuni ya magongo ya mji wetu ilianza kuitoa mwaka 1980 kwa wapigaji bora wa ligi kuu ya Marekani. Anayeipata hupewa gongo lililopakwa madini ya fedha, urefu wake karibu mita moja.

Niliipenda tuzo hii kwa mambo mawili. La kwanza, wanaopiga kura ni makocha, na kocha haruhusiwi kumchagua mchezaji wa timu yake. Kwa hiyo anayekusifu ni yule uliyemnyima usingizi. Hebu fikiria makocha wa Simba wakilazimika kumtaja mshambuliaji wa Yanga kwa maandishi! La pili ni kwamba haitafutwi mbabe mmoja. Kila nafasi uwanjani ina mshindi wake, katika kila moja ya ligi mbili, American na National. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima mpaka magoti yanalia, halinganishwi na jamaa anayelinda kituo cha kwanza, kati ya vituo vinne ambavyo mpigaji hukimbia kuvizunguka, aliyesimama wima akisubiri kurushiwa mpira. Analinganishwa na wachuchumaaji wenzake. Ndiyo maana Mike Piazza, mdakaji, ana magongo 10, na si aibu kwamba Barry Bonds anaongoza wote kwa magongo 12. Kila mtu kapimwa kwa mzigo aliobeba.

Na hapo ndipo linapokuja donge langu. Mpaka mwaka 2021, ligi ya National ilikuwa na gongo la fedha la mrushaji.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji ndiye anayeurusha mpira, kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa na zaidi, ili mpigaji aukose. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Kupiga hajui, na hategemewi ajue. Kwenye American waliliona hilo tangu 1973 wakamwekea mtu wa kumpigia zamu yake. Kwenye National waling'ang'ania kwamba kila anayecheza apige. Basi mrushaji alikuwa akitoka na gongo lake kama bwana harusi aliyeambiwa apike pilau ya harusi yake mwenyewe. Msimu wa 2021 warushaji walifanikiwa kupiga kama mara 11 tu katika kila 100.

Sasa, katikati ya aibu hiyo ya jumla, mmoja wao alikuwa akitokea anapiga kweli. Mike Hampton alichukua tuzo hiyo miaka mitano mfululizo, 1999 hadi 2003, akiwa amepita timu nne. Mwaka 2001 peke yake alipiga mipira saba ikavuka uzio wa uwanja, pigo kubwa kuliko yote, na huyo ni mrushaji! Halafu kuna Bartolo Colón, ambaye tuzo hii hakuwahi kuipata, lakini mzee wangu hawezi kumtaja bila kucheka. Mei 2016, mwili wa kutosha, umri unakaribia miaka 43, akapiga mpira wake wa kwanza kuvuka uzio kule San Diego. Akazunguka vituo taratibu kama mtu anayekwenda msikitini mapema. Wenzake wakamfanyia mzaha wa kuondoka wote kwenye benchi, akarudi hakuna wa kumpokea.

Mwaka 2022 National nayo ikaweka mpigaji maalumu wa zamu ya mrushaji, na gongo lake la fedha likafutwa. Badala yake wakaanzisha la mchezaji kiraka, yule anayechezeshwa popote. Sina ugomvi na viraka, ila nafasi iliyoachwa hawaizibi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Mrushaji analipwa mamilioni, kwa nini aumie akifanya kazi isiyo yake? Adam Wainwright wa St. Louis alikatika mshipa wa kisigino Aprili 2015 akitoka kupiga, msimu wake ukaharibika pale pale. Ingekuwa timu yangu ningelia. Lakini mtu huyohuyo alirudi, na mwaka 2017 gongo la fedha la warushaji likawa lake. Mnataka nishike upande gani?

Wengine wananiambia, mbona Shohei Ohtani yupo, anarusha na anapiga, na magongo ya fedha anayo? Anayo, ya mpigaji maalumu. Ohtani ni ajabu, mtu wa aina yake huja mara moja katika miaka mia. Mimi namlilia yule wa kawaida ambaye kila mtu uwanjani alitarajia akose, kisha akafika kituo cha kwanza anahema, haamini.

Mrushaji wa mwisho kupata gongo hilo la fedha alikuwa Max Fried, wakati huo wa Atlanta. Tarehe 4 Julai 2021, mchezo umeingia muda wa nyongeza, kocha kaishiwa wapigaji, akamtoa Fried benchi, mrushaji, siku ambayo hata kurusha harushi. Akapiga, mwenzake akafika kituo cha mwisho, kile kinacholeta pointi, mchezo ukaisha kwa ushindi.

Kwenye kila gongo la fedha huchongwa majina ya washindi wote wa ligi hiyo kwa mwaka huo. Kwa hiyo kwenye gongo la 2021 alilonalo Bryce Harper, na lile la Juan Soto, watu wanaolipwa mamilioni kwa upigaji wao, jina la Max Fried limo.