Mguu wa Mjomba

Mjomba wangu ana ugonjwa mmoja: hajawahi kukutana na kitu kibovu akakubali kwamba ni kibovu. Fundi alikuja kuangalia paa letu linalovuja, akapanda, akashuka viganja vimekuwa vyekundu kwa kutu. "Haya mabati yamekwisha. Msihangaike na viraka, ezueni lote."

Mjomba akacheka. "Huyo anatafuta hela. Ni katundu kamoja tu, mpwa wangu. Nishikie ngazi."

Katundu kamoja! Mchana kweupe ukiingia juu ya dari ukazima tochi, unaona nyota. Mipira ya misumari ilishakauka ikapasuka, na misumari yenyewe unaing'oa kwa vidole. Bati likipata jua hutanuka, likipoa husinyaa, na mchezo huo wa miaka ndio unaoilegeza. Isitoshe, maji ni wajanja: yanaingilia huku, yanafuata papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati, yanadondokea kule. Ndiyo maana Mjomba alikuwa kila mara anaziba palipo juu ya kochi, na kochi linazidi kulowa.

Akapanda na kopo lake la lami. Mimi na mke wangu tukabaki sebuleni tukisikiliza hatua zake na hotuba yake.

"Bati zima kabisa hili! Sikilizeni!" Akapiga mguu.

Tulisikia. Dari likafunguka, likamwaga vumbi, unga wa mbao na mavi ya popo, kisha ukateremka mguu. Suruali imepanda hadi gotini. Kandambili ikaning'inia kwenye kidole gumba, ikajishauri kidogo, ikatumbukia kwenye beseni la kukingia maji.

"Mjomba! Umeumia?"

Kimya. Kisha sauti ikatoka juu, ya mtu aliyegundua jambo: "Bati halina neno. Ni papi imeoza."

Mke wangu akakimbilia jikoni, na kicheko chake nikakisikia hukohuko. Mimi nikaushika ule mguu, sijui niusukume au niuvute.

Ilibidi fundi yuleyule aitwe aje kumkwamua. Alipomaliza akachomeka bisibisi kwenye kenchi, mbao zinazobeba paa. Ikazama hadi kwenye mpini, kama kisu kwenye keki.

"Nani kapafungua hapa?"

Mjomba, mguu mmoja peku, akajikung'uta vumbi. "Mimi. Nilikuwa nakagua. Hili paa, fundi, ni la kuezuliwa lote. Nimewaambia hawa watoto, hawasikii."