Jeni ya 72 na jedwali la nukuu

Wiki hii, kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa vyuo hapa Dodoma, mtu alirusha jedwali: majina ya watafiti upande mmoja, idadi ya nukuu upande wa pili (yaani mara ngapi watafiti wengine wametaja makala zao), wamepangwa kuanzia wa juu hadi wa mkiani. Hakuna aliyeuliza watu hao wamegundua nini. Dada mmoja anayefuatilia ganzi ya miguu kwa wagonjwa wa kisukari vijijini akaambiwa, mbele ya wote, kwamba kazi yake "haionekani". Nimeshindwa kunyamaza.

Waliomwambia hivyo ndio hao hao wanaomtaja Ardem Patapoutian kila wakitafuta mfano wa mtafiti aliyefika. Haya, tumzungumzie. Alizaliwa Beirut, akahamia Marekani mwaka 1986 akiwa kijana, na mwaka 2021 yeye na David Julius wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso, yaani protini za mwilini zinazohisi vitu hivyo. Makala ya mwaka 2010 iliyotangaza protini za PIEZO1 na PIEZO2, zinazoiwezesha seli kuhisi ikibonyezwa, imenukuliwa maelfu ya mara. Hapo ndipo wanapopapenda.

Wasipopasimulia ni maabarani. Bertrand Coste, aliyekuwa akifanya kazi naye huko California, alikuwa na seli zinazotoa umeme kidogo zikibonyezwa, na orodha ya jeni 72 zilizodhaniwa kuhusika. Anazima jeni moja, anaibonyeza seli kwa ncha ya kijibomba chembamba cha kioo, anapima. Umeme upo. Anazima nyingine, anabonyeza, anapima. Upo. Hivyo hivyo, jeni baada ya jeni, mpaka alipoizima ya 72 na seli ikanyamaza. Hiyo ndiyo jeni ya PIEZO1.

Sasa niambieni: Coste akiwa kwenye jeni ya 40, jedwali lenu lingempa nini? Arobaini zisizohusika hazina wa kuzinukuu. Kwetu mtu huyo angeitwa aeleze kwa nini hajachapisha, angenyimwa fedha za msimu ujao, angeshauriwa atafute mada "inayotembea". Angeishia njiani, na hakuna hata mmoja wetu angejua tumekosa nini, kwa sababu kitu ambacho hakijagunduliwa hakina safu kwenye jedwali. Hilo ndilo linaloniuma. Nukuu huja baada ya kazi, tena kwa kuchelewa, na sisi tunazitumia kuamua nani aruhusiwe kuianza.

Na angalieni ugunduzi ule umefika wapi. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa waliozaliwa na PIEZO2 isiyofanya kazi: ukiwafumba macho hawajui mikono yao iko wapi. Mwaka 2018 badiliko moja la jeni ya PIEZO1 likaonekana kuwapo kwa takriban theluthi moja ya watu wenye asili ya Afrika, na panya waliowekewa badiliko la aina hiyo walihimili malaria kali. Nani angelitabiri hilo akiwa anabonyeza seli? Hata watoto wa shule ya wasioona ya Buigiri, hapo Chamwino, wakipitisha vidole juu ya nukta nundu, PIEZO2 iko kazini.

Niliwahi kusimama kando ya dada yule akipima. Kifaa chake ni uzi wa nailoni unaopinda ukigandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Mzee kafumba macho, katambuga kazivua, nyayo zimepasuka kwa mchanga, na kwenye kisigino kuna kipande cha mwiba wa mgunga kilichokwishazungukwa na usaha. Uzi umegusa dole gumba, umegusa chini ya vidole, umegusa katikati ya wayo. Mzee akauliza, "Mjukuu wangu, bado hujaanza?"

Kisukari kimeshakula miisho ya neva zake. Mwiba ule hakuuhisi, na kidonda cha namna hiyo ndicho kinachoishia kwa mguu kukatwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nukuu zina kazi yake. Mtu akichapisha miaka nenda rudi na asisomwe na yeyote, aulizwe. Lakini Azimio la San Francisco la mwaka 2012, tamko kuhusu namna ya kutathmini utafiti, lilishahimiza mtafiti asipimwe kwa vipimo vya jarida alimochapisha, na roho ya azimio lile ni kwamba kazi yenyewe isomwe.

Basi kamati za kupandisha vyeo zisome. Makala za dada yule ni fupi, zimeandikwa wazi, hazimalizi asubuhi. Wakimaliza waende kliniki siku ya kisukari, waone nani anakaguliwa miguu na nani anapewa vidonge tu na kurudishwa nyumbani. Na zahanati zetu zipewe uzi ule. Si kifaa cha gharama, na muuguzi hujifunza kuutumia kwa muda mfupi.