Bia ya Jana Msiimwage

Asubuhi baada ya kipaimara cha mtoto wa dada yangu, pale Nyegezi, Mwanza, nilihesabu chupa kumi na moja zenye bia nusu au robo. Zile ambazo hazikufunguliwa zilirudi dukani na kreti zake. Hizi nyingine dada akaanza kuzimwaga mferejini, chupa baada ya chupa, huku analalamikia bei. Nikamzuia mkono. Mji huu umekuza watoto kwa mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya mnofu kusafirishwa Ulaya. Leo tuone aibu kwa bia iliyobaki?

Kwanza nilizitenga. Huku kwetu wengi hupiga tarumbeta, yaani hunywa mdomo kwa chupa, na chupa iliyopigwa tarumbeta haiingii jikoni kwangu hata kama mnywaji ni mchungaji. Iliyomiminwa kwenye glasi ikabaki chupani, hiyo ndiyo ya kupikia. Sita zikaenda jikoni, tano bustanini.

Jikoni, kazi ya kwanza ni samaki. Chukua mnofu wa sangara au sato, ukate vipande vya upana wa vidole viwili, ukaushe kwa kitambaa, utie chumvi na ndimu kidogo, kisha uviringishe kwenye unga mkavu wa ngano ili rojo lipate pa kushika. Rojo lenyewe ni kikombe cha unga na bia baridi inayokaribia kikombe. Usikoroge sana, vibonge vidogo viache, maana ukilipiga sana rojo ganda litakuwa gumu. Gesi ya bia hulivimbisha lile ganda, na pombe huruka upesi kuliko maji, ndiyo maana samaki anatoka mkavu nje na laini ndani. Tatizo la bia ya jana ni kwamba imetoka gesi. Mimi huongeza kijiko kidogo cha beking pauda na mambo yanakwenda.

Nyama ya ng'ombe ya kuchemka polepole nayo huipenda bia, kama wafanyavyo Wabelgiji. Ila bia ina uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa wakati wa kuipika, na kadiri mchuzi unavyokauka uchungu unazidi. Weka vitunguu vingi na karoti, na usizidishe chupa moja kwa kilo.

Hapa nina neno na wapishi wenzangu. Kuna wanaosema pombe yote huishia motoni, kwa hiyo hakuna haja ya kumwambia mgeni. Si kweli. Sehemu yake hubaki, hasa kwa chakula kinachokaa kwenye moto dakika chache kama samaki wa kukaanga. Jirani yangu wa kulia ni Mwislamu, wa kushoto ni Msabato ambaye hata kambare hamli kwa sababu hana magamba. Kuwapelekea sahani ya samaki wa bia halafu nikanyamaza ni kuwakosea, tena makusudi. Kwa hiyo wao nawakaangia kwanza, kwa rojo la maji, kwenye mafuta mapya. Bia inafuata baadaye.

Za bustanini zilikwenda kwa konokono. Wakati wa masika wanamaliza mchicha wangu usiku mmoja. Nafukia kopo la maziwa, mdomo wake ubaki juu ya udongo kidogo ili wadudu wema wasitumbukie ovyo, namimina bia vidole viwili. Harufu ya hamira inawavuta, wanaingia, hawatoki. Baada ya siku mbili namwaga na kuweka nyingine. Kwa vijinzi vya ndizi mbivu, bia kidogo kwenye glasi na tone la sabuni ya vyombo inatosha, sabuni inawazamisha. Lakini wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi jioni msiwapotezee bia. Wao wanafuata taa. Zima taa, funga dirisha.

Kuoshea nywele nilijaribu mara moja. Nilinuka kama baa ya Kirumba mpaka kesho yake, na nywele zilikuwa zilezile. Kumwagilia maua pia sikuona faida, isipokuwa siafu.

Na jambo moja la kuhifadhi. Bia mbili zilizobaki nilizimimina kwenye chupa ya maji, nikaiweka kwenye friji bila kuandika kitu. Shemeji yangu, mlokole wa kukesha, akaja na jua la saa saba, akafungua friji mwenyewe kama kawaida ya nyumbani, akadhani ni juisi ya tufaha. Alimeza mafunda matatu ndipo akasimama. Akaniangalia. Akauliza, "Dada, hii juisi imechacha?"

Nikamjibu ndiyo, imechacha. Jioni nikampigia simu nikamwambia ukweli, na tangu hapo akija kwetu anakunywa maji ya bomba.