Kazi Ndogo Tu, Bosi

Hivi nani aliwafundisha mafundi wetu kukadiria kwa kuguna? Jana nimempeleka mmoja Ilomba, kwenye kale kanyumba nilikonunua ili nikakarabati, nikauze, na mimi niitwe mwekezaji. Nimevaa koti, kalamu mfukoni, mkandarasi kabisa.

Mlangoni akasema, "Kazi ndogo hii, bosi. Milioni 3 unauza." Faida nikaanza kuigawa hapohapo.

Sebuleni akagonga ukuta, akatega sikio kama daktari. Akaguna. "Tofali za kuchoma, lakini zimeshikwa na udongo. Lipu haitakaa." Milioni 4. Akachomeka bisibisi kwenye kiungo cha tofali, ikazama mpaka mpini, tukabaki tunatazamana. Jikoni hakusema neno, alipiga mluzi tu. Mluzi ule laki 6.

Akapanda darini. Nikamsikia anacheka peke yake. Jamani, fundi acheke darini kwako! Akashuka na kipande cha papi, ule ubao mwembamba unaopigiliwa bati, akakifinya, kikawa unga. "Hapa kenchi, hizi mbao za kubeba paa, ndizo zimeshikiliwa na bati, bosi. Mbao zenye dawa zije kutoka Mafinga." Bati je, geji 28? "Ukibana hela chukua 30." Nikafurahi, 30 si ndiyo kubwa! Akanionea huruma: 30 ndiyo nyembamba. Yaani namba ya kupanda huku kitu kinapungua ipo kwenye bati tu, kwenye karatasi yake hapana.

Chooni nilimzuia asiingie.

Akachana mfuko wa saruji, akaandika: mifuko 40, mchanga tripu 3, mbao, misumari. Chini kabisa: "Mengineyo, milioni 1 na nusu." Mengineyo yapi? "Yale ambayo hatujayaona." Jumla milioni 9 na laki 4, na elfu 10 yake ya kuja kutazama. Kutazama! Mimi nimeitazama miezi mitatu bure.

Bibi jirani akaniita uani, mpole kweli. "Mwanangu, unabomoa lini? Tuje tuokote kuni."

Na mvua ndiyo hiyo inakuja, ikianza Novemba hapa Mbeya utaiona mpaka Aprili. Bajaji ya kurudi Kabwe tumekaa watano, mmoja na kuku, kuku ananidonoa, hamna anayemkemea. Nafika nyumbani natetemeka, mke anauliza koti liko wapi. Koti nimelisahau kule sebuleni, kwenye msumari. Sijui nikalichukue au niliache, maana kwa nilivyouona ukuta ule, yawezekana msumari ndio umeushika.