Kicheche wa Segerea

Baba yangu ana kinyongo na Sensa ya 2022. Si kwamba hakuhesabiwa. Alihesabiwa vizuri, tena alimsahihisha karani ngeli mbili pale pale barazani. Kinyongo ni cha vishikwambi. Vile vilivyotumika kutuhesabu viligawiwa walimu baadaye, na yeye alishastaafu tangu 2019. Miaka 34 ya chaki, halafu kishikwambi wanapewa watoto aliowafundisha kusoma! Kila akimwona mwalimu wa jirani anatelezesha kidole kwenye kioo husema, "Haya bwana," kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa shamba.

Kwa hiyo macho yake yalipoanza kuchoka, gazeti akawa analishika mkono umenyooka mpaka linakaribia pua ya mgeni aliyekaa mbele yake, nikaona hapa ndipo zilipo radhi zangu. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na kishikwambi cha kusomea vitabu. Ndani ni Android kama simu, ila kioo chake ni cha wino wa kielektroniki: hakimuliki machoni, juani kinasomeka kama karatasi, na ukurasa ukishatulia hakili chaji mpaka ufungue mwingine. Chapa siitaji, maana makosa yote ya hadithi hii ni yangu mimi na dada yangu.

Nilimwahidi Baba kukipeleka Jumapili. Nilikinunua Jumatano nikijiona nina muda wa kumwaga.

Kiliwaka kwa Kichina. Hilo nililimaliza upesi. Alama ya mipangilio ni ile ile duniani kote, nikabonyeza kwa imani mpaka nikaiona orodha ya lugha na Kiswahili kikiwemo. Kazi ilikuwa kuingiza vitabu. Nikachomeka waya wa kwanza kwenye kompyuta: kimya. Wa pili: kimya. Wa tatu nikaununua barabarani pale Sinza kwa shilingi 3,000, na muuzaji akaniapia kwamba huu ni orijino. Kimya, lakini chaji inapanda. Ndipo mwenzangu wa kazini akanifungua macho kwamba waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne ndani, mbili za umeme na mbili za data, na kuna nyaya zinazotengenezwa na zile mbili za umeme tu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimiliki nyaya zisizojua kusema.

Kabla sijaupata wa kwake nilijaribu Wi-Fi. Kishikwambi kinakupa anwani ya namba, unaiandika kwenye kivinjari cha kompyuta, unaburuta vitabu vinaingia. Sharti vyote viwili viwe kwenye mtandao mmoja. Nikawasha hotspoti ya simu. Kompyuta yangu, ambayo haikuwa imeonja Wi-Fi mwezi mzima, ikadhani tumehamia kwa tajiri. Ikaanza kujipakulia masasisho ya Windows kimyakimya. Kitabu cha kwanza hakijafika nusu, simu ikalia: mpendwa mteja, bando lako limekwisha. Uchungu ni kwamba vitabu havikuhitaji bando hata chembe, vilikuwa vinatoka mezani kwenda mezani. Hilo nalo nilikuja kulijua wakati nimeshazima kila kitu kwa hasira.

Ijumaa nikapata waya wenye nyuzi nne. Bado kimya. Kumbe Android ukiichomeka inachaji tu mpaka uvute lile pazia la juu, uguse tangazo la USB, uchague kuhamisha faili. Nikagusa. Kompyuta ikalia ti-ding. Nami nikamjibu, "Ti-ding mwenyewe."

Sasa vitabu vyenyewe. Baba hapendi vya kubuni sana. Anapenda vitu vya kubishania. Nilikuwa nimemkusanyia Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, taarifa rasmi za Bunge, hotuba za bajeti na vijitabu vya ufugaji wa kuku. Vyote PDF. Na PDF ni kama picha ya karatasi: ukikuza herufi, mstari unatoka nje ya kioo, inabidi uuburute kushoto na kulia kama unatafuta kitu chini ya kitanda. Mzee wa macho mabovu hawezi. Dawa ni kuzigeuza ziwe EPUB, ambamo maandishi yanajipanga upya kila ukiyakuza. Programu ya Calibre inafanya hivyo bure.

Folda yangu inaitwa VITABU. Ndani mna vitabu, na mna kila kitu ambacho tangu 2021 nilikosa pa kukiweka: namba za luku, barua ya kuomba kazi ambayo sikuituma, orodha ya michango ya harusi ikiwa na majina ya wasiochanga. Saa tano usiku, usingizi umenishika, nikachagua vyote kwa mpigo. Faili 61. Geuza.

Programu ile ni tiifu kupita kiasi. Haikuuliza kama hiki ni kitabu au ni luku. Maandishi matupu iliyapanga kurasa, na kila kisichokuwa na jalada ikakitengenezea: jina la faili katikati kwa herufi nzuri, na chini, mahali pa mwandishi, ikaandika kwamba hajulikani. Nikavihamisha vyote bila kuvitazama, nikalala usingizi wa mtoto mwema.

Jumapili nikafika Segerea.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Ndicho hicho?"

Alikipokea kwa mikono miwili. Nikamfungulia Katiba, nikamkuzia herufi zikawa kama kunde. Akafungua ukurasa wa pili, kioo kikapiga weusi mara moja kama kawaida yake.

"Kimezimia."

"Hapana Baba, kinafuta ubao."

Hilo alilielewa papo hapo. Kurasa chache mbele akakisogeza juani chini ya mwembe, akakunja uso. "Hakifuti vizuri. Bado nayaona maandishi ya kipindi kilichopita." Na kweli, wino huu una tabia ya kubakiza kivuli cha ukurasa uliotangulia mpaka kioo kijisafishe chote. Nikamweleza. Akasema, "Mwanafunzi wa zamu angechapwa." Lakini alikuwa anatabasamu. Mama akanifungia chapati za kubeba. Nikarudi Sinza nikihisi radhi zinanifuata nyuma ya daladala.

Alhamisi akapiga simu.

"Mwanangu, Katiba nimeiweka pembeni kidogo, nimefika ibara ya 24. Kuna riwaya humu umeniwekea, nzuri sana."

"Riwaya gani, Baba?"

"Jina lake la Kiingereza, ndani Kiswahili. Kama maduka ya siku hizi. Ina mtindo mpya: mazungumzo matupu, na kila mhusika akisema kuna tarehe na saa. Inaanza na dibaji kwamba maneno haya yamefungwa kwa siri, hakuna mtu wa nje awezaye kuyasoma. Mimi nimesoma bila shida."

Nilikuwa kwenye foleni ya chakula cha mchana. Sahani ikawa nzito ghafla.

"Wahusika ni wawili," akaendelea. "Mmoja anaitwa Dada. Mwingine anaitwa Mtoto wa Mwalimu."

Mtoto wa Mwalimu ndilo jina langu la WhatsApp.

"Nimefika pale wanapomtazama jogoo. Usiniambie mwisho."

Akakata.

Inabidi nieleze kuhusu jogoo. Baba alikuwa na jogoo aliyeitwa Mkaguzi, kwa sababu alikuwa akizunguka uani kifua mbele na mikono nyuma, kama unavyoweza kusema jogoo ana mikono nyuma. Desemba 2022 wazee walikwenda Lushoto kwenye arobaini ya ami yetu, wakamwachia dada nyumba na Mkaguzi. Jioni moja mkwewe dada akafika bila taarifa, na watu wanne. Kitoweo hamna. Dada akaniandikia. Mimi, mtoto wa mwalimu, nikampa ushauri. Mkaguzi akaingia kwenye nazi. Nilitoka Sinza mbio, nikawahi paja.

Wazee waliporudi tukawaambia kicheche.

Ingeishia hapo tungesamehewa. Lakini Baba si mtu wa kuacha jambo. Alizungushia banda waya mpya. Alikesha usiku wa siku mbili na tochi. Kisha akasimama kwenye mkutano wa mtaa akatoa tahadhari rasmi, na mpaka leo kuna majirani Segerea wanaingiza kuku saa kumi na moja jioni kwa hofu ya yule kicheche. Nasi tulikuwepo mkutanoni. Tulipiga makofi.

Na gumzo lile nililihifadhi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilipobadilisha simu, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na namba ya akaunti ya kulipia ada.

Nikampigia dada. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Si uliniambia umemwekea Katiba?"

Jioni ile nikachukua bodaboda badala ya daladala. Mpango wangu: nitasema nimekuja kurekebisha kile kivuli cha wino, nikishike dakika moja tu, nifute. Njiani nikajaribu kufikiria kama kuna namna ya kukifuta kutoka mbali, lakini kifaa hakina laini, na nyumbani kwa wazee hakuna Wi-Fi. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe hakisumbuliwi na mtandao.

Nikamkuta barazani. Kishikwambi mapajani, miwani puani, na kalamu nyekundu sikioni. Dada alishafika, amekaa kwenye kigoda, mikono magotini.

"Shikamoo Baba. Nimekuja kukirekebisha kile kivuli—"

"Marahaba. Kaa. Tunasoma kwa sauti."

Akasoma. Sauti ile ile ya darasa la saba.

"Tarehe 14, saa mbili na dakika arobaini na moja usiku. Dada: mkwe kafika na wa-mbili nne, kitoweo si-na." Akainua macho. "Wa-mbili ni nini?"

"Watu, Baba," dada akasema kwa sauti ndogo.

"Mtoto wa Mwalimu: Mkaguzi je? Dada: weee, mzee ata-mbili-ua. Mtoto wa Mwalimu: mbili-mwambie kicheche." Akageuza ukurasa, kioo kikafuta ubao. "Dada: eksa-eksa manyoya je. Hii eksa-eksa ni ndege gani?"

"Ni 'sasa', Baba."

Ndani jikoni tukamsikia Mama anakohoa kikohozi cha mtu aliyeziba mdomo na kanga.

"Halafu hivi vinyago vinavyolia. Kila baada ya uongo, wahusika wanalia machozi. Nikasema, angalau wana toba."

Vilikuwa vile vinyago vya kucheka mpaka machozi. Kwenye wino mweusi na kijivu huwezi kujua. Hatukumrekebisha.

"Na hapa pameandikwa picha imeondolewa. Picha ya nini?"

Ilikuwa ya sufuria. Dada aliitazama miguu yake. Mimi nikaona bora nijaribu sheria.

"Baba, kwa heshima zote, yale ni mawasiliano binafsi."

Alikuwa akilisubiri neno hilo. Aliifungua Katiba haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifungua kitu chochote chenye kioo.

"Ibara ya 16. Hifadhi ya mawasiliano ya mtu binafsi. Umesema kweli, mwanangu, na uliniletea mwenyewe. Sasa nisomee ya 24."

Nikaisoma. Kila mtu anayo haki ya kumiliki mali, na haki ya hifadhi ya mali yake.

"Mkaguzi alikuwa mali ya nani?"

"Yako, Baba."

"Sauti haifiki nyuma."

"Yako, Baba!"

Mbwa wa jirani akabweka.

Akatoa madaftari mawili ya kurasa 48, mapya, moja kila mmoja. Adhabu ilikuwa kulinakili gumzo lote kwa Kiswahili sanifu, herufi kubwa mahali pake, nukta mahali pake, bila tarakimu ndani ya neno. Dada ana miaka 41. Ni msimamizi wa watu kumi na wawili kazini kwake. Aliandika ameinamisha kichwa na ulimi umetoka kidogo pembeni, kama zamani. Mimi nilikwama kwenye "weee". Nikauliza huandikwaje kwa usanifu. Akaniambia nisimchezee.

Saa tatu usiku akasahihisha. Dada alipata 68. Mimi nilipata 54, na pembeni, kwa wino mwekundu: Msuko mzuri, mwandishi hana aibu.

Kesho yake alfajiri nilikuwa soko la kuku Shekilango. Nilichagua jogoo wa kienyeji, mwekundu, mwenye kifua, shilingi 35,000 bila kubishana bei, na muuzaji akaniangalia kama mgonjwa. Baba akamkagua macho, akamkagua makucha, akamwachia uani. Jogoo akazunguka mara mbili, akapanda juu ya banda lenye waya mpya, akawika.

"Tumwiteje?" Mama akauliza.

Baba hata hakuinua macho kwenye kishikwambi. Alikuwa amefungua kitabu kingine chenye jalada zuri, mwandishi hajulikani, orodha ndefu ya majina na fedha za harusi.

"Kicheche," akasema. Kisha akaniita. "Hebu njoo. Hapa pameandikwa wewe uliahidi laki mbili."